Lori la dizeli la zamani halivuti mlimani na linamwaga moshi mweusi, nianzie wapi?

Mwenye lori:
Wakuu habari zenu. Nina lori la zamani, injini ya silinda 6 yenye tabo (ile feni ya kusukuma hewa ndani ya injini), pampu ya dizeli ni ile ya kizamani ya mstari mmoja, haina kompyuta yoyote. Tatizo limekuja taratibu, kwanza likawa linachelewa kuchukua spidi, sasa hivi likiwa na mzigo nikikuta mlima narudi mpaka gia ya 3 pale nilipokuwa napita na ya 5, na nyuma moshi mweusi tii, anayenifuata haoni barabara. Likiwa tupu kwenye tambarare moshi karibu haupo. Asubuhi linawaka vizuri, ila nikiliacha linanguruma limesimama muda mrefu halafu nikikanyaga mafuta unatoka moshi wa bluu kidogo kisha unapotea. Fundi anasema tushushe pampu na nozeli zote (zile za kupulizia dizeli kwenye silinda) zikapimwe. Hiyo ni hela ndefu, ndo maana nauliza kwanza.

Fundi dizeli:
Mkuu usishushe pampu bado. Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa ya kuichoma. Wengi wakiuona wanasema dizeli imezidi, hawakumbuki kwamba inawezekana dizeli iko vilevile ila hewa ndo imepungua, na kwa dalili zako mimi naanza na hewa. Angalia lenyewe linavyojieleza: bila mzigo halina moshi kwa sababu halihitaji hewa nyingi, likibeba mzigo tabo inatakiwa isukume hewa ya kutosha, haisukumi, dizeli inatoka nusu haijaungua.

Fungua eakilina (nyumba ya filta ya hewa) uione filta, kama imejaa vumbi weka mpya, na usije ukaliendesha bila filta eti unajaribu, vumbi linakula mapanga ya tabo na ringi za pistoni. Halafu shika mipira yote ya hewa kuanzia tabo mpaka intakula (ile ya kupoza hewa ya tabo) na kutoka intakula mpaka manifoldi (njia ya hewa kuingia kwenye silinda). Ishike kwa mkono hasa upande wa chini, huko ndo inapasukia na huko ndo hakuna anayeangalia, ukiona mpira umelowa oili yenye vumbi jua hapo hewa inatoka. Ukiwa unapanda mlima unasikia sauti kama ya kupuliza au mluzi? Hiyo nayo ni dalili.

Kingine kinachosahaulika sana ni eksozi breki, ile breki inayoziba bomba la moshi. Ile flapu ikiganda nusu imejifunga, moshi unakosa pa kutokea na injini inabanwa, nguvu hakuna. Mwambie mtu aibonyeze na kuiachia wewe ukiangalia kama mkono wa flapu unarudi mpaka mwisho.

Mtu wa pampu:
Nakubaliana na hapo juu, ila naongeza upande wa dizeli ili asije akachanganya. Filta ya dizeli ikiziba, au fidi pampu (ile ya kuvuta dizeli kutoka tangi) ikichoka, au kitundu cha kupumulia kwenye tangi kikiziba, lori linakosa nguvu lakini moshi mweusi HALITOI, maana dizeli yenyewe haifiki. Hata ule mpira mwembamba unaopeleka presha ya tabo kwenye pampu ukikatika ni hivyohivyo, pampu inadhani tabo haifanyi kazi inapunguza dizeli, gari linakuwa zito ila safi. Kwa hiyo dizeli yako inafika, hilo limeshajibiwa na moshi wenyewe. Nakuuliza tu, kuna mtu aliwahi kugusa skrubu ya kuongeza dizeli kwenye pampu?

Nozeli unaweza kuzijaribu bila kushusha kitu. Injini ikinguruma taratibu, legeza nati ya paipu ya nozeli moja, sikiliza, kaza, nenda inayofuata. Ukilegeza na injini haibadiliki mlio basi silinda hiyo haifanyi kazi, ama nozeli ama kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda). Vaa miwani na weka mikono mbali, dizeli ya presha inapenya ngozi na hiyo ni ya kukimbizwa hospitali hapohapo hata kama unaona kidonda kidogo tu. Na hii ni kwa pampu za zamani kama yako, kwenye komoni reli (injini za kisasa za kompyuta) usithubutu, kule presha inapita bar 1000.

Mwenye lori:
Asanteni sana. Skrubu haijaguswa, sili bado ipo. Eksozi breki inarudi vizuri. Filta ilikuwa chafu nimeweka mpya, ila kubwa ni mpira wa kutoka tabo, umechanika chini karibu na klipu, kwa juu ulionekana mzima kabisa. Nimebadili mpira na klipu, nimelijaribu na mzigo, limerudi kwenye nguvu zake, moshi mweusi unatoka kidogo tu wakati wa kubadili gia. Nozeli nimezijaribu zote zinabadilisha mlio. Ule wa bluu bado upo.

Fundi dizeli:
Safi, hapo umeokoa hela ya pampu. Bluu ni oili inaungua. Injini ya dizeli ikinguruma muda mrefu bila mzigo ringi hazibani vizuri na oili inapita, kwa hiyo kama inapotea haraka kwanza acha kuliacha linanguruma ovyo. Ila angalia bomba la kurudisha oili kutoka tabo halijaziba, na brida ya injini (bomba la kupumulia) pia. Shika shafti ya tabo injini ikiwa imepoa na imezimwa, kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida, kwenda mbele na nyuma ukakusikia mkononi au mapanga kugusa nyumba yake hapana, itoe. Na intakula ifungue umwage oili iliyolala ndani, ikiwa nyingi injini inaweza kuivuta ikajiendesha yenyewe hata ukizima dizeli, hapo dawa ni kuziba njia ya hewa tu. Pima oili kila asubuhi uandike, kama inashuka haraka rudi hapa tuongelee kompresheni.

Mtu wa pampu:
Na ule mpira mpya kaza tena klipu baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, ukipata joto unalegea.