Tupeane uzoefu: mablanketi na magodoro makuukuu ya kuzuia baridi nyumbani

Mama wa Molo
Wadau, Julai ndiyo hii na baridi ya huku mnaijua. Nyumba yangu ni ya mbao, usiku upepo unapenya kila ufa. Stoo nina magodoro mawili yaliyobonyea na mablanketi yaliyochanika. Nataka kuyaweka juu ya dari na mengine ukutani. Nani amewahi? Tupeane uzoefu.

Wa Elburgon
Weka mama, ila usiyakandamize. Kinachozuia baridi ni hewa iliyonaswa kwenye nyuzi. Ukiyabana kwa kamba hewa inatoka na umefanya kazi bure. Sisi tuliyatandaza yamelegea, watoto wakaacha kulala na masweta.

Fundi Mabati
Na yasiguse mabati! Usiku mabati yakipoa, pumzi zenu na mvuke wa sufuria hugeuka matone. Blanketi likilowa halizuii kitu, linaota ukungu na kuozesha mbao. Acha nafasi ya kiganja, hewa ipite.

Jirani Mwema
Kweli kabisa fundi.

Binti Njoro
Mama, tafadhali usiweke godoro ukutani. Nimesoma hapa mikono ikitetemeka. Tulipokuwa tumepanga ploti ya mbao, jirani yetu alipigilia godoro la sponji kando ya kitanda cha watoto. Stima ikapotea, kijana akawasha mshumaa amalizie kazi ya shule. Niliyemsikia kwanza ni mama yake, akiita jina la yule mdogo tu, tena na tena. Nilipofika mlangoni sikuona kitanda, sikuona taa, moshi mweusi ulikuwa umeshuka hadi magotini. Sponji haiungui kama kuni, jamani. Inayeyuka, inadondosha moto, na kila tone linawasha kitu kingine. Mlangoni hakupitiki. Wanaume wakazunguka nyuma na shoka, wakang'oa mbao, mdogo akavutwa kwa mguu. Alikuwa hai lakini halii, na kule kutolia ndiko kulikotumaliza. Alilazwa. Leo yuko shule, namshukuru Mungu. Lakini harufu ile nikiikumbuka bado nafungua dirisha.

Shangazi Kuresoi
Woi! Pole sana dada. Naenda kutazama chumba cha wajukuu sasa hivi.

Mkweli Daima
Pole, lakini tuseme ukweli, kilichochoma ni mshumaa. Godoro halijiwashi.

Binti Njoro
Ndugu, mshumaa kwenye ukuta mtupu wa mbao ungetupa muda wa kumwaga maji. Pale hatukupata muda.

Wa Elburgon
Mkweli, moshi wa sponji una kaboni monoksidi na sianidi. Mtu anazimia kabla moto haujamfikia. Usibishane na aliyekuwepo.

Jaduong Nyalenda
Huku Kisumu nilitandaza mablanketi juu ya dari, na saa nane mchana chumba kinakalika.

Mkweli Daima
Blanketi Kisumu? Mtachemka nyote.

Jaduong Nyalenda
Blanketi halina moto wake, kijana. Linachelewesha joto kupita, litoke juu au chini. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, hapa ni 1,100 na kitu. Yeye anazuia joto lisitoke, mimi nazuia lisiingie.

Nyanya Kakamega
Mimi vipande vyote nilishonea kikapu cha kupikia. Nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, ikichemka vizuri naifunika humo, inajiivia bila makaa. Mama, shona kikapu, dari liache.

Shangazi Kuresoi
Na kunguni je? Mimi huweka majani ya mwarobaini.

Fundi Mabati
Mwarobaini hautoshi. Kunguni hukaa miezi bila kula. Chemsha mablanketi, yakauke kabisa juani ndipo yapande.

Mkweli Daima
Au leta paka. Panya wa darini ni wabaya kuliko kunguni.

Wa Elburgon
Jambo moja: mkishaziba nyufa, jiko la makaa lisilale ndani. Hata likionekana limezimika.

Mama wa Molo
Asanteni. Magodoro nimeyaacha kabisa, Binti Njoro ubarikiwe. Sasa fundi, dari langu ni la magunia yaliyoshonwa. Litabeba mablanketi?

Fundi Mabati
Halitabeba, litabonyea likuangukie usiku. Pigilia fito kwanza, kisha tandaza moja moja, mbali na nyaya za stima. Uko upande gani wa Molo, mama?