Mama asubuhi sukari 10, kipimo cha miezi mitatu kinasema 6.1. Nishike kipi?

Mwenye uzi: Wakuu, naombeni ushauri. Bi mkubwa ana miaka 61, ana kisukari. Mashine ya nyumbani asubuhi kabla ya chai inasoma 9.8, 10.3, juzi 11. Jana HbA1c, hicho kipimo cha miezi mitatu, imetoka 6.1%. Amefurahi, anataka kuacha vidonge. Mimi roho inakataa. Mashine mbovu, au maabara wamekosea?

Darubini: Kabla ya kumlaumu mtu, mkuu: ameongezewa damu karibuni? Ana selimundu?

Mwenye uzi: Duh! Mwezi uliopita malaria ilimlaza, damu ikashuka hadi 4, akaongezewa chupa tatu.

Darubini: Basi ndiyo hiyo. HbA1c haipimi sukari yenyewe, inapima himoglobini, yaani protini ya chembe nyekundu za damu, iliyogandwa na sukari. Na hakuna kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kemia mwilini) kinachosimamia kugandana huko. Glukosi nyingi kwenye damu imejikunja kama pete. Chache mno hufunguka, na hizo zina ncha ya aldehidi inayodaka valini, kipande cha kwanza cha mnyororo beta wa himoglobini. Mwanzoni zinaweza kuachiana. Zikishajipanga upya, zimeng'ang'aniana. Kinachoamua ni wingi wa sukari na muda tu. Chembe nyekundu huishi siku kama 120, na kadiri inavyozeeka ndivyo inavyobeba alama nyingi za sukari iliyoganda. Sasa malaria imeua za zamani, mwili umetoa changa, juu yake mmemwekea damu ya watu wasio na kisukari. Hesabu imeshuka, sukari iko palepale.

Kijiweni: Kumbe binadamu anaungua polepole kama mandazi 😂

Darubini: Umecheka lakini umepatia. Rangi ya ganda la mkate inaanza hivyohivyo, Mfaransa Maillard aliieleza 1912.

Mama Tatu: Mimi yangu ilipanda kwa uongo, kumbe nilipungukiwa madini ya chuma. Asiache dawa jamani.

Darubini: Kweli kabisa. Himoglobini angalau hubadilishwa. Protini za lenzi ya jicho na kolajeni ya mishipa hukaa miaka na alama zake. Mwambieni daktari habari ya damu, muulizieni kipimo cha fruktosamini, kinachoangalia wiki mbili tatu za nyuma. Kisipopatikana, peleka daftari la namba za mashine. HbA1c irudiwe baada ya miezi mitatu.

Mwenye uzi: Nimemsomea yote. Amenuna, ila kameza.