Tupeane uzoefu: Nani kashakatwa hela ya gemu bila kutegemea? Ulirudishiwaje?

Baba Mapacha: Wakuu, salaam. Usiku wa kuamkia leo, saa tisa, simu imelia: Sh 31,400 zimetoka kwenye kadi. Nikajua nimeibiwa. Kumbe ni gemu la mpira la mwanangu. Wiki iliyopita aliniambia "baba, ni bure siku 7, wanataka tu namba ya kadi", nikampa huku naangalia taarifa ya habari. Waliowahi kurudishiwa, mlipitia wapi?

Chumvi Kidogo: Pole mkuu. Usije ukalifuta gemu ukadhani umemaliza. Mimi nililifuta, nikakatwa miezi 3 mfululizo. Usajili unakaa kwenye akaunti, kufuta programu hakuusimamishi. Kama ni Android, ingia Play Store, gusa picha yako pale juu, tafuta malipo na usajili, uukatishe kabisa. Niliporudishiwa ulikuwa mwezi wa mwisho tu. Ile miwili imekula kwangu.

Baba Mapacha: Duh! Nilishalifuta tangu alfajiri. Ngoja niingie.

Mama Salma: Kaka, benki iwe ya mwisho. Mie hasira zilinipeleka benki moja kwa moja kupinga muamala. Jaza fomu, leta kitambulisho, njoo Jumatatu. Hela ilirudi baada ya wiki 6, lakini kampuni ikaifungia akaunti ya mdogo wangu na magemu yote aliyonunua kwa miaka 2 yakapotelea humo. Mpaka leo tukikaa mezani ananitazama kwa jicho la upande.

Fundi wa Pedi: Nina kibanda cha gemu, haya nayaona kila wiki. Kwa Play Store, ndani ya saa 48 unaomba Google wenyewe. Zikipita, mara nyingi unaelekezwa kwa waliotengeneza gemu. Kwa hiyo Baba Mapacha, acha kusoma huu uzi, kaombe sasa hivi 😂. Tafuta risiti kwenye barua pepe, namba ya oda inaanza na GPA. Andika kwa kifupi: mtoto amebonyeza, sikuruhusu, usajili nimeshaukatisha. Usiandike matusi, hayaharakishi kitu.

Mgeni Njiani: Mimi kadi yenye mshahara haigusi gemu. Nina ya mtandaoni, naweka hela ya siku hiyo tu. Wakija kukata wanakuta patupu.

Baba Mapacha: MREJESHO. Risiti niliikuta imejificha kwenye matangazo. Niliomba siku ileile, nikajibiwa kesho yake kwamba wamekubali, na leo, siku ya tano, hela imeingia. Ila imerudi Sh 30,870, nadhani dola imecheza hapo katikati. Sina ugomvi. Kijana kaona nimetabasamu, kaja kuuliza kama kadi sasa iko huru.