Kumpeleka mzee Maziwe: tuondokee wapi, na maji ya lini?

Binti wa Makorora

Asalaam aleykum wanajamvi. Naomba msaada wa watu wa Pangani na Ushongo, hasa wanaoingia baharini kila siku.

Baba yangu alivua Pangani ujanani. Walikuwa wanapiga dago, yaani kambi ya wavuvi, kwenye kisiwa cha Maziwe, wanalala chini ya mivinje, wanaanika samaki wa ng'onda, na usiku kasa wanapanda kutaga mpaka mtu anarushiwa mchanga usoni. Sasa ana miaka 79, magoti yanamsumbua, na tangu Ramadhani neno lake ni moja: nipelekeni Maziwe nikaione. Kaka zangu wanasema ni umri, atasahau. Mimi sitaki asahau, nataka aende.

Je, tuondokee Pangani mjini au tuvuke kivuko tukaanzie Ushongo? Atashukaje na magoti yale wakati hakuna gati? Halafu kuna mtu kaniambia kisiwa chenyewe hakipo tena. Ni kweli? Naomba nijue kabla sijamwahidi.

Nahodha wa Bweni

Waaleykum salaam mwanangu. Mfikishie mzee salamu zangu, huenda tuliwahi kupishana.

Naanza na swali lako la mwisho. Kisiwa kipo, ila si kile alichokiacha. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 80 mivinje ilikuwa imekwisha, mchanga ukakosa wa kuushika, bahari ikaula. Leo ni fungu jeupe la mchanga katikati ya matumbawe. Maji yakipwa linaibuka, bamvua, yale maji makubwa, likijaa linafunikwa, boti inapita juu yake. Hakuna mti, hakuna kivuli, hakuna banda. Umwambie akiwa nyumbani, ameketi, ana muda wa kuuliza. Usimwache akagundue mwenyewe mkiwa njiani.

Kwa sababu hiyo siku haichaguliwi na likizo yako, inachaguliwa na mwezi. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, siku mbili tatu zinazofuata ni bamvua. Kwetu huku maji ya bamvua hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Mnaondoka saa mbili, mnalikuta fungu limeshatoka na bado linatanuka, mnakaa mpaka saa sita, mnageuza. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa kama dakika 50. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: hiyo saa nne ndiyo maji yamejaa, mtapata kipande kidogo cha kusimama na mawimbi yanakilamba. Nahodha akikwambia "twende tu siku yoyote, saa ile ile," mshukuru, kisha tafuta mwingine.

Upepo nao. Kusi likikaza, Juni na Julai, mimi mzee simpakii. Oktoba na Novemba bahari hutulia, na Machi pia kabla kusi halijashika. Kaskazi inawezekana, lakini mtoke mapema, upepo huongezeka jua likipanda.

Ondokeeni Ushongo. Ukitokea Pangani lazima upite mlangoni mwa mto, na pale maji ya mto yakikutana na wimbi la bahari panachafuka. Boti ikidunda, kila pigo linaishia kwenye magoti ya mzee. Ushongo unaingia baharini moja kwa moja, kama kilomita 8 umefika.

Kushuka: boti iingie upande wa demani, ule uliokingwa na upepo, omo (pua ya boti) ipande mchanga, injini izimwe. Vijana wawili wasimame majini. Mzee asiruke hata kama anajiamini, na wavuvi wazee ndio wanaojiamini zaidi. Akae ukingoni, ateremshe miguu pole pole, washike makwapa yote mawili. Chukueni kiti cha plastiki, na ubao wa kuweka chini yake. Bila ubao miguu ya kiti inadidimia kwenye ule mchanga laini, mzee anaelemea upande mmoja. Mwavuli mkubwa, maji ya kunywa ya kutosha. Nanga itupwe mchangani, kamwe isitupwe juu ya matumbawe.

Mama Ushongo

Dada, niongezee hapo kwenye kasa, maana baba yako ataulizia.

Bado wanapanda Maziwe. Kasa wa kijani anafukia mayai zaidi ya mia, na yanahitaji siku 50 hadi 60 ndani ya mchanga wenye hewa. Bamvua likifunika fungu, mayai yanakosa hewa, yanakufa yote. Ndiyo maana viota vya kule huhamishiwa pwani yetu ya Ushongo. Kazi inafanyika ndani ya saa chache baada ya kutaga, na kila yai linabebwa bila kugeuzwa, lililokuwa juu linabaki juu, kwa sababu kiinitete kikishajishika kwenye ganda, ukiligeuza umekiua. Mkilala huku ulizia kama kuna kiota kinachokaribia kuanguliwa. Nadhani hilo litamfurahisha mzee wako kuliko fungu lenyewe.

Maziwe ni eneo tengefu chini ya sheria ya mwaka 1994, kwa hiyo msivue hata kwa mshipi, msiokote simbi, yale makombe ya baharini. Kiingilio kinalipwa serikalini kwa kontroo namba. Dai risiti.

Mdau wa Ngamiani

Dada, kwa magoti hayo mbona usimpeleke kisiwa cha Toten? Kipo hapo hapo ghubani mbele ya mji wa Tanga, kuna magofu ya misikiti, makaburi ya zamani, na miti ya kupumzikia.

Binti wa Makorora

Kaka asante, Toten tutakwenda siku nyingine na watoto. Lakini yeye hajaitaja Toten hata mara moja.

Mzee wangu Nahodha, na dada wa Ushongo, Mungu awalipe. Nimemwambia jana baada ya alasiri. Alinyamaza, kisha akauliza, "Na mwamba je, upo?" Nikamjibu matumbawe yapo. Akasema, "Basi twende, miti nilishaiona." Ameanza kuhesabu mwezi mwenyewe, anataka bamvua la Oktoba. Ila amekataa jaketi la kuokolea, anasema hajawahi kulivaa maisha yake yote.

Nahodha wa Bweni

Mwambie kwenye boti neno ni la nahodha, hilo analijua tangu dago. Asipovaa, nanga haing'olewi. Na ninyi mlioambatana naye mvae mbele yake, kabla hajaambiwa.