Ukiandika "haijatestiwa" huku unajua mashine imekufa, huo ni utapeli

Wakuu, naandika hapa nikiwa bado na hasira, maana nikisubiri ipoe nitaandika kwa adabu na huyu mtu hastahili adabu.

Kuna jamaa yuko Dar aliweka tangazo mtandaoni: laptop, i5, RAM 8, SSD 256 (yaani prosesa, kumbukumbu na diski ya kuhifadhia), "haijatestiwa, sina chaja, inauzwa kama ilivyo". Bei 180,000. Mimi niko Mbeya. Nikamuuliza kwenye meseji, imewahi kufunguliwa na fundi? Akajibu: "Hapana kaka, ilikuwa ya dada yangu, imekaa tu kabatini." Nikatuma hela kwa simu, mzigo ukaja kwa basi.

Nikaipeleka kwa fundi. Kabla hata hajatafuta chaja akaigeuza, akaguna. Skrubu za chini hazifanani, nyingine hazipo kabisa. Akafungua. Sehemu ya RAM tupu. SSD hakuna. Na juu ya bodi kuna kipande cha selotepu ya karatasi kimeandikwa kwa maka peni nyekundu: MAZA IMEKUFA (maza ni hiyo bodi kuu, motherboard). Yaani fundi mwingine alishaipima, akatoa na majibu, wakanyofoa vya kunyofoa, wakafunika. Hilo kabati la dada lina fundi ndani?

Nikampigia. "Bro, si nilikwambia haijatestiwa? Halafu mimi si mfanyabiashara, nauza vitu vya nyumbani. Mali ikishauzwa hairudi." Akanibloku.

Sasa najua mnakuja na "bei si ilikuwa inakuambia?" Sikilizeni. Mtu akisema hajui kama inawaka, na kweli hajui, nikakuta haiwaki, hiyo ni yangu na nanyamaza. Ndiyo maana ya kununua kwa bei ile. Ningepata hata SSD na RAM ningeziuza nikarudisha nusu ya hela, hesabu yangu ilikuwa hiyo. Lakini huyu aliandika vitu ambavyo havimo ndani. SSD haihitaji chaja ili ujue imo au haimo!

Na hili la "mimi si mfanyabiashara" ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu watu wengi wanalimeza. Someni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214. Kifungu cha 15 kinasema bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, lazima ilingane na maelezo yake. Hakijasema muuzaji awe na duka wala leseni. Kifungu cha 16, kile cha ubora, ndicho kinachombana anayeshughulika na bidhaa za aina hiyo, na hapo mtu anayeuza friji yake kwa sababu anahama anapumua. Kwa hiyo utetezi wake una mahali pake, ila si hapa. Na hata hapo kwenye 16 sijui ataponea wapi, maana nimeingia kwenye akaunti yake kwa simu ya mke wangu: mashine kibao, zote hazijatestiwa, zote za ndugu, zote hazina chaja. Ukoo mzima hauna chaja!

Hilo la "kama ilivyo" nalo lisitutishe. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ukipata ridhaa ya mtu kwa kumdanganya, uliyemdanganya ana haki ya kuukataa mkataba. Nilimuuliza kama imefunguliwa, akasema hapana. Meseji ipo, skrinishoti ipo. Akitaka tufike mbali zaidi, kuna kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, na hicho kina jela.

Kampuni ya simu nilishaongea nao. Hela imeshatolewa, hawana cha kurudisha.

Polisi siwataki kwanza. Nataka 180,000 yangu na nauli ya mzigo, mashine namrudishia kwa basi lile lile, na selotepu yake ikiwa palepale juu ya bodi. Nimemwandikia kwa namba nyingine, nimempa siku saba. Meseji imesomwa, kimya. Zikiisha naenda Mahakama ya Mwanzo.

Mliowahi kumdai muuzaji wa mkoa mwingine kwa hela ya kiasi hiki, mlifungua shauri kwenu au mlimfuata alipo? Nahitaji aliyefanya, si aliyesikia. Na wale wa "samehe tu mkuu, 180,000 si kitu", nitumieni nyinyi hiyo 180,000, nitamsamehe leo leo.