Kuondoa mandhari ya picha ndani ya InDesign

Swali: Wadau, napanga brosha ya viondo kwa InDesign (programu ya kupanga kurasa), itachapwa River Road, Nairobi. Picha zina mandhari meupe. Nataka kiondo pekee kikae juu ya rangi ya ukurasa. Sina Photoshop ya kuhariri picha.

Jibu: Chagua picha, fungua Object > Clipping Path > Options, kisha Detect Edges, programu itafute kingo yenyewe. Threshold ndiyo huamua weupe kiasi gani uondolewe. Ipandishe polepole, kwani ikizidi inakula sehemu ng'avu za mkonge. Washa Include Inside Edges, la sivyo nafasi kati ya mkanda na kiondo itabaki nyeupe. Ukiona uzi mweupe ukingoni, weka Inset Frame (husogeza mkato ndani kidogo) pointi 0.5.

Jibu: Sawa, lakini njia hiyo hukata tu, haina nusu uwazi. Kivuli laini na nyuzi zinazoning'inia zitatoka zimekatwa vibaya sana. Hizo zifanyie maski (tabaka linaloficha sehemu za picha) kwenye GIMP, programu ya picha ya bure, uhifadhi kama faili la PSD au PNG, yanayoshika uwazi. JPEG haishiki uwazi kabisa. Hakikisha picha ina dpi 300 (nukta kwa inchi) kwa ukubwa utakaochapwa.

Swali: Uzi mweupe umeisha, asanteni. Na maandishi yazunguke umbo la kiondo?

Jibu: Text Wrap, chagua Wrap around object shape, halafu Same as Clipping. Acha nafasi ya milimita 3 kati ya maandishi na kiondo.