Kasha zito lenye alama ya mionzi limeletwa kwenye vyuma chakavu, hizi taka zinapelekwa wapi?

Wa Mizani
Wakuu habari zenu, naomba msaada wa haraka. Mimi nanunua vyuma chakavu, leo asubuhi kijana kaniletea kasha la chuma ukubwa wa ndoo ndogo tu lakini watu wawili tumelinyanyua kwa shida, nikajua ndani kuna madini ya risasi na risasi ina bei kwahiyo nikafurahi. Kulipangusa vumbi nakuta kibati cha manjano kina ile alama ya mapanga matatu kama ya feni, pembeni pameandikwa Cs-137, na kuna kikono cha kuzungusha kimefungwa kufuli. Anasema kalitoa kwenye kiwanda kilichofungwa miaka mingi. Sijalifungua. Je hii kitu bado ina nguvu au imeshakufa? Na kama ni taka za mionzi huwa zinatupwa wapi hasa, maana dampo la mionzi sijawahi kulisikia.

fizikia_daima
Mkuu usilifungue, usikate hiyo kufuli, usipige hata nyundo moja. Cs-137 ni sezimu, viwandani wanaitumia kujua tangi limejaa mpaka wapi, mionzi inatokea upande huu inapokelewa upande wa pili. Humo ndani kuna kitu kidogo kama kidonge, huo uzito wote uliouona ni ukuta wa kukukinga wewe, na kikono ndio mlango wake. Mlango ukiwa umefungwa na kasha ni zima, kinachotoka nje ni kidogo.

Kuhusu kufa, sezimu inapungua nusu kila baada ya miaka 30. Hata kiwanda kingekuwa kimefungwa miaka 30 iliyopita, nusu nzima bado imo humo.

Sasa hivi toa watu wote, zungushia kamba kama mita 30, wewe na kijana mnawe vizuri kabla ya kula chochote, halafu piga simu mamlaka ya mionzi ya nchi yako, namba huna piga polisi au zimamoto. Na tafadhali sana usimrudishie huyo kijana, ataenda kumuuzia mwingine asiyeijua hiyo alama.

Dada Eksirei
Namuunga mkono hapo juu. Nafanya kazi kitengo cha mionzi hospitalini na kila mwaka wanafunzi wakija nawasimulia Goiânia, Brazil, 1987. Kliniki ilihama ikaacha mashine ya tiba ya mionzi kwenye jengo tupu, watu wawili waliokuwa wanatafuta vyuma wakaitoa, wakaibomoa, wakamuuzia mnunuzi kama wewe kaka. Usiku yule mnunuzi akaona unga wa ndani unang'aa bluu, akaona ni kitu cha ajabu na kizuri, akaupeleka ndani kwake, akawagawia ndugu na marafiki chembe chembe. Mtoto wa miaka 6 aliuchezea akala chakula kwa mikono ileile. Walikufa watu 4 akiwemo huyo mtoto, waliokutwa na uchafu wa mionzi 249, na waliopangwa foleni kupimwa walizidi laki moja. Sezimu yenyewe ilikuwa chini ya gramu 100, lakini nyumba zilizobomolewa, udongo uliochotwa, nguo, vyombo, vyote viligeuka taka za mionzi, kama mita za ujazo 3,500 ambazo ilibidi kuzijengea mahali pa kuzifukia. Kila nikisimulia naumia upya kwasababu yote ingezuilika kama mtu mmoja angekuwa na daftari la kuonyesha ile mashine iko wapi na nani anaiwajibikia.

Swali la zinatupwa wapi, taka za mionzi sio kitu kimoja. Sisi kwetu nyingi tunazingoja zife zenyewe. Sindano na pamba za teknetiamu, dawa ya mionzi ya kupimia wagonjwa, zinaingia kwenye ndoo yenye risasi, naandika tarehe, nafunga stoo. Ile inapungua nusu kila masaa 6, iodini siku 8, ukihesabu mara kumi inabaki kama sehemu moja ya elfu. Halafu napima kwa mashine, ikilingana na mionzi ya kawaida iliyopo kila mahali naruhusu itoke na taka nyingine, ila kwanza nabandua alama ya mionzi kwenye mfuko. Hilo halina mjadala, alama ikizagaa kwenye vitu visivyo na kitu watu watazoea kuipuuza.

Wa Mizani
Nimepiga, wamesema wanakuja, watu nimetoa wote. Mwili umesisimka jamani. Jirani hapa anasema kwanini isiyeyushwe tu ikaisha, au itoswe baharini.

Mwambani
Moto hauui mionzi ndugu, unaisambaza tu. 1998 kusini mwa Hispania sezimu iliingia tanuru la chuma bila kujulikana, ikapaa na moshi, vipimo vya hewa mpaka Ufaransa, Uswisi na Italia vikaiona. Baharini nako zipo nchi zilitosa mapipa miaka mingi, ila tangu 1993 nchi za Mkataba wa London, ule wa kuzuia kutupa taka baharini, zimekubaliana taka za mionzi marufuku kabisa.

La kwako litarudi kwa aliyelitengeneza kama bado yupo, au litawekwa kwenye pipa la zege ghala la kulindwa, na kuna njia ya kutoboa shimo jembamba kama la kisima kirefu, inashushwa chini na kuzibwa. Sezimu inataka kama miaka 300 mpaka iwe karibu kufa.

Ngumu zaidi ni mafuta yaliyotumika kwenye mitambo ya nyuklia, yaani vipande vya urani sio mafuta ya maji, maana ndani yake kuna plutoniamu inayopungua nusu kwa miaka 24,000. Yale yanakaa kwanza kwenye bwawa la maji miaka kadhaa yapoe. Ufini wamechimba Onkalo, mita zaidi ya 400 ndani ya mwamba, mpango ni kuyatia kwenye mitungi ya shaba na kuizungushia udongo wa mfinyanzi unaovimba ukikutana na maji. Watu wanaona ni ndoto, mimi nawaambia waangalie Oklo, Gabon. Miaka karibu bilioni 2 iliyopita madini ya urani yalijiwasha yenyewe ardhini kama mtambo, ikagunduliwa 1972, na mabaki ya plutoniamu yake yalionyesha haikusogea mbali na pale ilipozaliwa. Mwamba mzuri unatunza.

Wa Mizani
Wamefika. Wamepima kasha pande zote, wametupima mimi na kijana mikono, nguo, mpaka soli za viatu, tuko safi. Kufuli halijaguswa na kidonge kimo ndani. Wamemuuliza kijana kama kule kiwandani yalikuwepo mengine ya hivi, kasema yapo mawili yamefungwa kwenye bomba. Wameondoka naye sasa hivi akawaonyeshe.